Moto wa jiko lako la gesi una rangi gani? Jinsi ya kuukagua kabla ya kupika

Familia nyingi kambini, kwenye makazi na katika vijiji jirani sasa zinapika kwa gesi, au zinatumia gesi pamoja na kuni na makala. Kambi za Nyarugusu nchini Tanzania na Mahama nchini Rwanda ni miongoni mwa sehemu ambako wakimbizi wamepikia gesi. Serikali ya Tanzania nayo imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Gesi inapunguza moshi, inapunguza safari za porini kutafuta kuni, na inapunguza ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji kuhusu miti.

Lakini gesi ina masharti yake. Kuni zikiwaka vibaya, moshi unakuonya. Jiko la gesi likiwaka vibaya, mara nyingi onyo pekee unalopata ni moto wenyewe: rangi yake, umbo lake na sauti yake. Makala haya yanakueleza jinsi ya kuusoma moto huo, kitu gani unaweza kurekebisha mwenyewe nyumbani, na wakati gani unapaswa kuzima jiko na kuomba msaada.

Kwa ufupi

- Moto salama ni wa bluu, umetulia, umeshika kwenye vitundu vyote vya jiko na hautoi masizi.
- Moto wa njano unaoendelea, au sufuria inayopakwa masizi, ni dalili kwamba gesi haiungui vizuri. Zima, fungua mlango, safisha jiko. Ukirudia kuwa wa njano, usilitumie.
- Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kitu chochote. Funga mtungi na utoe watu nje.
- Watu wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu au kichefuchefu jiko linapowaka ndani, watoke nje mara moja.

Kwa nini rangi ya moto ni muhimu

Gesi iliyo ndani ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, iliyogandamizwa hadi ikawa kimiminika. Ili iungue vizuri inahitaji hewa nyingi sana: lita moja ya gesi inahitaji kati ya lita 24 na 31 hivi za hewa. Kwa sababu hiyo jiko lako lina vitundu au uwazi mdogo chini ya kichomeo, yaani ile sehemu ambayo moto hutokea. Hewa huingia hapo, ikachanganyika na gesi, kisha mchanganyiko huo ukawaka juu.

Hewa ikitosha, moto huwa wa bluu. Hewa ikipungua, sehemu ya gesi haiungui mpaka mwisho. Chembe ndogo za kaboni hubaki ndani ya moto zikang'aa, na hizo ndizo zinazoonekana kama rangi ya njano. Chembe hizohizo ndizo masizi unayokuta chini ya sufuria. Wakati huohuo moto huo hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Kwa hiyo moto wa njano unakula mambo matatu kwa pamoja: gesi yako, kwa sababu joto ni dogo, sufuria zako, na afya ya watu waliomo ndani.

Kabla ya kuwasha

1. Fungua mlango na dirisha. Kama nyumba yako haina dirisha, pikia nje kwenye kibanda chenye paa na kuta zilizo wazi.
2. Nusa, kisha inama unuse tena karibu na sakafu. Harufu ya gesi ni kali na mbaya, kama kitunguu au yai lililooza. Gesi yenyewe haina harufu. Viwanda huongeza harufu hiyo makusudi ili uweze kugundua ikivuja.
3. Hakikisha mtungi umesimama wima, mahali tambarare, mbali na turubai, nyasi, nguo na mapazia.
4. Angalia mpira wa gesi, kama jiko lako lina mpira. Usiwe na nyufa, usiwe umejikunja, usiguse sehemu ya moto. Angalia pia tarehe iliyochapwa juu yake. Mpira uliopitwa na wakati ubadilishwe hata kama unaonekana mzima.
5. Washa njiti ya kiberiti kwanza, uisogeze kwenye kichomeo, ndipo ufungue gesi polepole. Usifungue gesi kwanza ukaanza kutafuta kiberiti. Kila sekunde inayopita, gesi inajikusanya.

Ukiwasha mara mbili bila moto kushika, funga gesi, subiri dakika chache hewa isafishike, ndipo ujaribu tena.

Ukaguzi wa dakika moja

Usiweke sufuria mara moja. Acha jiko liwake tupu kwa dakika moja, ulitazame. Fanya hivyo kivulini, kwa sababu kwenye jua kali moto wa bluu hauonekani vizuri na mtu anaweza kudhani jiko limezimika. Jiulize mambo manne:

- Rangi: ni ya bluu, au kuna njano nyingi?
- Umbo: ndimi za moto zimesimama sawasawa kuzunguka kichomeo chote, au upande mmoja umekufa?
- Mahali: moto umekaa juu ya vitundu, au umeruka juu, au umeingia ndani?
- Sauti: ni mvumo mdogo uliotulia, au ni mlio mkali, au mapigo kama "pu-pu-pu"?

Kisha ongeza na upunguze moto mara moja. Jiko zima linafuata mkono wako bila kuzimika wala kulipuka.

Kila aina ya moto inakuambia nini

1. Moto wa bluu uliotulia. Huu ndio unaotakiwa. Ukiangalia kwa karibu utaona kila ulimi una sehemu mbili: ndani kuna bluu iliyokolea, nje kuna bluu hafifu. Ncha ndogo za njano zinazotokea mara moja jiko linapowashwa kisha zikapotea si tatizo.

2. Cheche za rangi ya machungwa. Moto ni wa bluu lakini unamulika machungwa hapa na pale. Mara nyingi hilo ni vumbi, hasa mtu akifagia karibu, au chumvi ya maji yaliyochemka yakamwagika kwenye jiko. Chumvi hubadilisha rangi ya moto. Panguza jiko likishapoa. Cheche hizo zikiisha, endelea kupika.

3. Moto wa njano, mrefu, unaoyumba. Huu ni moto uliokosa hewa. Sababu za kawaida ni hizi:

- Vitundu vya kichomeo vimezibwa na uji, mafuta au maharage yaliyomwagika.
- Njia ya hewa chini ya kichomeo imezibwa na udongo, vumbi au utando wa buibui. Wadudu hupenda kujificha humo, hasa jiko likikaa siku nyingi bila kutumika.
- Kichomeo kimewekwa upande au hakikukaa sawasawa baada ya kusafishwa.
- Sufuria ni pana kupita kiasi na imeukandamiza moto.
- Chumba kimefungwa na hewa imepungua.

Ili kujua kama tatizo ni sufuria, itoe uangalie. Moto ukirudi kuwa wa bluu, tumia sufuria ndogo zaidi. Ukibaki wa njano bila sufuria, tatizo liko kwenye jiko au ndani ya chumba. Zima na usafishe kama tunavyoeleza hapa chini.

4. Moto unaoruka juu ya kichomeo. Unaona nafasi kati ya vitundu na moto, na unasikia mlio mkali kama upepo. Gesi inatoka kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, au hewa imezidi. Punguza moto kwanza. Usipotulia, funga mtungi. Inawezekana rejuleta, yaani kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi inayotoka mtungini, imeharibika au si ya jiko hilo. Hilo ni la fundi.

5. Moto unaorudi ndani. Unasikia mlipuko mdogo, moto unatoweka juu, kisha unasikia mvumo ndani ya bomba la kichomeo. Gesi inaungua mahali pasipotakiwa, na chuma kitapata moto haraka. Funga gesi mara moja, acha jiko lipoe kabisa, safisha, uangalie kama kichomeo kimekaa sawa. Hali hiyo ikijirudia, jiko lisitumike tena mpaka fundi alione.

6. Moto mdogo, dhaifu, au wa upande mmoja. Gesi inakaribia kuisha, mpira umejikunja, au vitundu vya upande mmoja vimeziba. Hatari yake ni kwamba upepo mdogo tu utauzima, na gesi itaendelea kutoka bila wewe kujua. Usiondoke jikoni ukaacha moto wa namna hiyo.

7. Moto unaowaka mahali pengine. Ukiona hata ulimi mdogo wa moto kwenye koki, kwenye mpira, au pale kichomeo kinapofungwa kwenye mtungi, gesi inavuja hapo. Funga mtungi kama unaweza kuifikia koki bila kuungua. Usijaribu kumalizia chakula.

Jinsi ya kusafisha jiko

Kazi hii huchukua muda mfupi na inafaa kufanyika kila wiki, au kila chakula kinapomwagika.

1. Funga koki ya mtungi. Subiri jiko lipoe.
2. Toa kifuniko cha kichomeo. Kioshe kwa maji ya sabuni na brashi laini. Usitumie mchanga.
3. Zibua vitundu vilivyozibwa kwa sindano nyembamba au waya mwembamba. Usitumie njiti ya mti, inakatikia ndani.
4. Angalia uwazi wa hewa chini ya kichomeo. Ondoa utando wa buibui, udongo na vumbi kwa brashi kavu.
5. Usichokoe nozeli, yaani kile kitundu kidogo sana ambacho gesi hutokea. Ukikipanua kidogo tu, gesi itazidi na jiko halitawaka sawa tena.
6. Kausha vizuri. Maji yaliyobaki ndani huufanya moto uwe wa njano na kurukaruka.
7. Rudisha kifuniko kikae sawasawa, kisha rudia ukaguzi wa dakika moja.

Ukimaliza, pima kama kuna mahali panapovuja. Changanya sabuni na maji, upake povu kwenye koki, rejuleta, mpira na viungio vyote, kichomeo kikiwa kimezimwa na mtungi umefunguliwa. Mapovu yakivimba, hapo panavuja. Funga mtungi. Kamwe usipime kwa njiti ya kiberiti.

Sumu isiyoonekana

Kaboni monoksidi hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo maana kiasi kidogo kinaweza kumnyima mtu hewa ingawa anaendelea kupumua kama kawaida. Dalili zake zinafanana na malaria au uchovu:

- kuumwa kichwa,
- kizunguzungu na udhaifu,
- kichefuchefu au kutapika,
- kuchanganyikiwa na usingizi usio wa kawaida.

Kitu cha kutofautisha ni hiki: mnaumwa watu wawili au zaidi kwa wakati mmoja, mkiwa ndani ya nyumba moja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Ukiona hivyo, toa kila mtu nje, zima jiko kama unaweza kufanya hivyo bila kukaa ndani, kisha nendeni zahanati mkamweleze mhudumu kwamba mlikuwa karibu na jiko lililokuwa linawaka. Usipomweleza, anaweza kudhani ni homa tu. Wajawazito, watoto wachanga, wazee na wenye matatizo ya moyo huathirika zaidi.

Kwa wanaochanganya gesi na makala: moto wa makala hauwezi kukaguliwa kwa rangi. Mbabula yenye makaa mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo, bado inatoa kaboni monoksidi kwa wingi. Msiingize mbabula ndani usiku wa mvua au baridi, na msitumie jiko la gesi kupasha nyumba joto wakati mmelala. Jiko la kupikia halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tafuteni blanketi, zibeni upepo unaoingia chini ya mlango wakati hakuna moto ndani, lakini msilale na kitu kinachowaka.

Gesi hukaa chini, kama mazuku

Watu waliotoka Goma na maeneo ya volkano wanajua neno *mazuku*: hewa mbaya inayojikusanya kwenye mabonde na mashimo, ikaua mbuzi au mtu aliyeinama humo, wakati aliyesimama pembeni haoni kitu. Mazuku ni kaboni dayoksidi, nayo haiwaki. Lakini inafanana na gesi ya kupikia kwa jambo moja: zote mbili ni nzito kuliko hewa, hivyo hushuka chini.

Gesi ikivuja haitoki juu kupitia dirishani kama moshi. Inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kitanda, kwenye shimo, kwenye mfereji. Ikifikia asilimia 2 hivi ya hewa ya mahali hapo, cheche moja inatosha kuiwasha. Ndiyo maana tunasisitiza mambo haya:

- Fungua mlango, si dirisha la juu peke yake. Gesi inatokea chini.
- Usiweke mtungi ndani ya shimo au chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi.
- Usiwalaze watoto sakafuni katika chumba chenye mtungi.
- Usiwashe mshumaa, kibatari, sigara, tochi wala swichi ya taa pale unaposikia harufu.

Mtungi wa kilo 6 na sufuria kubwa

Mtungi mdogo wenye kichomeo juu yake ni rahisi kubeba, lakini ulitengenezwa kwa sufuria ndogo. Familia ya watu wanane ikiweka sufuria kubwa ya ugali juu yake, kuna hatari mbili.

Ya kwanza ni kuanguka. Kusonga ugali kunahitaji nguvu, na mtungi uliosimama juu ukiwa na mzigo mzito unayumba. Maji yanayochemka yanamwangukia aliye karibu, na mara nyingi huyo ni mtoto. Songa ugali kidogo kidogo kwa awamu mbili. Au, kama unaweza kupata jiko fupi la kukaa chini lenye mpira na rejuleta, litumie hilo na uuweke mtungi pembeni. Chora mstari sakafuni kuzunguka jiko, hatua mbili kila upande, na uwafundishe watoto kwamba mstari huo hauvukwi moto ukiwaka.

Ya pili ni joto kurudi chini. Sufuria pana hurudisha joto kwenye koki na mtungi. Kwa sababu hiyohiyo usiuzungushie mtungi bati, matofali au kadibodi kukinga upepo. Ukiweka mkono kwenye mtungi na ukausikia wa moto, zima. Mtungi unaotumika vizuri huwa wa kawaida au wa baridi.

Hakikisha pia kipete cha mpira kilicho kati ya kichomeo na koki kipo na hakijakauka. Kikikosekana, gesi hutokea hapo na moto huwaka pembeni ya koki.

Mtungi unapokaribia kuisha

Hapa ndipo ajali nyingi zinapoweza kutokea, kwa sababu kila mtu anataka kuimaliza gesi aliyoilipia au ile ya mgao. Usifanye haya:

- Usiulaze mtungi wala kuugeuza juu chini. Gesi itatoka ikiwa kimiminika na moto utakuwa mkubwa ghafla.
- Usiutikise wakati jiko linawaka.
- Usiuweke kwenye maji ya moto, juani, au karibu na moto mwingine.

Njia salama ya kuokoa gesi ni kabla ya kuwasha: loweka maharage usiku mzima, funika sufuria, kata viungo na andaa kila kitu kwanza, na punguza moto pindi maji yanapochemka. Maji hayawi ya moto zaidi kwa sababu moto umeongezwa. Yanakauka tu haraka.

Ukimaliza kupika, funga koki ya mtungi kwanza, acha moto ujizime wenyewe, ndipo ufunge swichi ya jiko. Hivyo gesi haibaki ndani ya mpira.

Unapojaza au kununua mtungi

Wenyeji na wakimbizi wanaonunua sokoni wakague haya kabla ya kulipa:

- Lakiri ya koki ipo na haijakatwa.
- Mtungi hauna kutu kubwa, hauna mbonyeo, na haujachomelewa.
- Uzito ni sahihi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe. Ongeza kilo za gesi unazonunua. Kwa mfano, mtungi mtupu ukiwa kilo 7.5 na gesi ni kilo 6, mizani lazima isome kilo 13.5. Mwombe muuzaji aupime mbele yako.

Usinunue gesi iliyohamishwa kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo nyuma ya duka. Bei yake inavutia, lakini mtungi unaweza kujazwa kupita kiasi. Mtungi lazima ubaki na nafasi juu, kwa sababu kimiminika hutanuka joto linapopanda. Usipokuwa na nafasi, koki inaweza kuanza kuvuja siku ya jua kali.

Dharura: fanya nini

Ukisikia harufu ya gesi

1. Usiwashe wala kuzima taa. Usitumie simu ndani.
2. Zima moto wote ulio karibu, hata wa jirani.
3. Funga koki ya mtungi.
4. Fungua milango, toa watu wote, anza na watoto.
5. Kama koki haifungi, na unaweza kuufikia mtungi bila hatari, uupeleke nje mahali wazi, mbali na moto, mifereji na nyumba.
6. Mweleze kiongozi wa eneo lako au walinzi wa jamii, kisha msirudi ndani mpaka harufu iishe.

Mtungi ukishika moto

Lowesha kitambaa kizito, kifunike koki ukitokea upande usio na moto, na uifunge. Ukishindwa kuifunga, ondoka na uwaondoe majirani. Usiuzime moto wa mtungi ambao huwezi kuufunga: gesi itaendelea kutoka bila kuonekana na inaweza kuwaka kwa mlipuko baadaye. Piga simu ya dharura: Tanzania 114 (Zimamoto na Uokoaji), Kenya na Uganda 999, Rwanda 112.

Mtu akiungua

- Nguo zikiwaka, asikimbie. Alale chini na kubingirika, au afunikwe blanketi zito.
- Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Usitumie barafu.
- Vua pete, bangili na nguo zisizogandana na ngozi.
- Usipake dawa ya meno, mafuta, unga, yai wala matope.
- Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya, hasa akiwa mtoto, au kama ameungua uso, mikono au sehemu za siri.

Maswali na majibu

Moto wa njano si ndio wenye joto zaidi?
Hapana. Unang'aa zaidi, lakini moto wa bluu ndio wenye joto zaidi. Ukipikia moto wa njano, chakula kinachelewa na gesi inaisha mapema.

Harufu kidogo ya gesi wakati wa kuwasha ni kawaida?
Ya sekunde moja, unapowasha, inaweza kutokea. Inayobaki baada ya moto kushika, au unayoisikia jiko likiwa limezimwa, si kawaida. Pima kwa povu la sabuni.

Nimepewa jiko na moto wake ni wa njano tangu siku ya kwanza. Nikirudisha, nitanyang'anywa?
Kutoa taarifa kuhusu kifaa kibovu ni haki yako. Eleza tatizo kwenye dawati la malalamiko na uombe limeandikwa. Usikae na jiko la hatari kwa kuogopa kulikosa.

Naweza kumwachia mtoto jiko nikienda kuchota maji?
Hapana. Zima, nenda, rudi, washa tena. Gesi haihitaji kupulizwa kama kuni. Kuwasha upya hakukugharimu kitu.

Mimi sioni vizuri, au sisikii harufu. Nifanyeje?
Mwombe mtu mzima wa nyumbani au jirani akague moto nawe kila siku, na utumie povu la sabuni mara kwa mara. Uwezo wa kunusa hupungua kwa umri na kwa mafua, hivyo usiutegemee peke yake.

Nani wa kumweleza tatizo

Kwa wakimbizi: kiongozi wa zoni au kijiji chako, kituo cha ugawaji ulikopokea jiko, au dawati la malalamiko lililo karibu nawe. Kwa wenyeji: muuzaji aliyekuuzia, fundi anayejulikana, au ofisi ya serikali ya kijiji. Eleza wazi unachokiona: "moto ni wa njano hata baada ya kusafisha", "moto unarudi ndani", au "povu linavimba kwenye koki". Maneno hayo yanamsaidia fundi kujua aje na nini.

Wasomee makala haya wale wa nyumbani wasiojua kusoma, na wafundishe watoto jambo moja wanaloweza kukumbuka: wakiuona moto wa jiko umekuwa wa njano, waite mtu mzima.